Majina Saba ya Darasa la Pili: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Kamati ya Shule ya Msingi Chilindima

SHULE YA MSINGI CHILINDIMA
S.L.P. KITANGARI, NEWALA

Kikao kilifanyika Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, kuanzia saa 2:40 asubuhi, katika chumba cha Darasa la Saba B, ambacho kipo wazi tangu watahiniwa walipomaliza mtihani wiki iliyopita.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Optatus Nannonga – Mwenyekiti
2. Mwl. Veridiana Nambole (Mama Grace) – Mwalimu Mkuu na Katibu
3. Bi. Agnes Chikoti – Mjumbe, mwalimu mstaafu
4. Ndg. Nurdin Mnali – Mjumbe, mzazi
5. Mwl. Salmini Kazembe – Mjumbe, mwalimu wa Darasa la Pili

ALIYEALIKWA
Bi. Pili Likwati (Mama Adija) – mzazi, mleta malalamiko

HAKUHUDHURIA
Ndg. Petro Vitalis – anamuuguza mkewe. Taarifa ilipokelewa.

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe walioacha kusafisha mashamba ya mikorosho katika msimu huu. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu: orodha ya wanafunzi saba wa Darasa la Pili waliotajwa na shule kuwa na upungufu wa akili. Orodha hiyo inatakiwa kufika kwa Afisa Elimu Kata kabla ya Ijumaa, tarehe 20, ikiwa na saini ya Kamati. Ikishapokelewa, watoto watahamishiwa kwenye kitengo cha elimu maalumu cha bweni upande wa Masasi, na hawatafanya upimaji wa Novemba pamoja na wenzao.

Mwenyekiti alisema hajalala vizuri tangu Jumapili. Aliomba hilo nalo liandikwe.

KUMB. NA. 2/09/2024: MWANDISHI WA KUMBUKUMBU

Ndg. Nurdin Mnali alipinga Katibu kuandika kumbukumbu hizi kwa kuwa saini yake ndiyo iliyo chini ya orodha inayolalamikiwa. Alisema, "Mshtakiwa haandiki hukumu yake." Katibu alijibu kwamba yuko tayari kumpa mwingine kalamu.

Bi. Pili Likwati aliomba ruhusa ya kuzungumza, akasema, "Aandike yeye yeye. Akiandika atayasikia."

Kikao kilikubali. Mwenyekiti aliagiza maneno mazito yaandikwe kama yalivyotamkwa, na Bi. Agnes asome daftari kila kipengele kinapokwisha. Yaliyotamkwa kwa Chimakonde yameandikwa hapa kwa Kiswahili, na Bi. Agnes amethibitisha tafsiri.

KUMB. NA. 3/09/2024: MALALAMIKO YA BI. PILI LIKWATI

Bi. Pili alieleza kwamba mwanawe Adija, mwenye umri wa miaka tisa, alirudi nyumbani Alhamisi iliyopita na barua ya shule. Barua ilimtaka mzazi aandae cheti cha kuzaliwa, shuka mbili na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya safari ya bweni. Ndani yake kulikuwa na maneno "mtoto wako ana upungufu wa akili". Barua haikufungwa kwenye bahasha. Watoto wakubwa waliisoma njiani.

"Alipofika hakula," alisema Bi. Pili. "Alikaa kwenye kizingiti. Akaniuliza, 'Mama, akili yangu ilipungua lini?' Mwalimu Mkuu, naomba unisaidie. Nimjibu nini? Ilipungua lini?"

Katibu aliliandika swali hilo.

Bi. Pili aliendelea kwamba hakuna mtu aliyemwita wala kumweleza kwamba mtoto atapimwa. Siku ya kipimo, Jumatatu tarehe 9, maji yalikuwa hayajatoka kijijini kwa siku kumi. Adija na yeye waliteremka bondeni kabla ya alfajiri na kupanda tena na ndoo, kisha mtoto akaja shule. Uji haukupikwa siku hiyo, kwa sababu hiyohiyo ya maji. Alipimwa saa nane mchana.

Ndg. Nurdin alisema mwanawe Hamudi, naye yumo kwenye orodha, alikuwa katika hali hiyohiyo. Alisema kwa sauti kwamba shule hii ilikuwa ya mwisho katika kata kwa wastani wa upimaji mwaka jana, na kwamba kuna watu wanaona ni rahisi kuwaondoa watoto kuliko kuwafundisha. Mwenyekiti alimtaka ashushe sauti kwa kuwa Darasa la Nne wapo kwenye somo chumba cha pili. Alishusha, lakini hakuyafuta maneno yake.

KUMB. NA. 4/09/2024: MAELEZO YA MWL. SALMINI KAZEMBE

Mwl. Salmini alieleza kwamba ana wanafunzi tisini na wanne katika chumba kimoja. Kwao ni Chiwata, lugha ya nyumbani kwake ni Chiyao, na Chimakonde anakisikia nusunusu. Tangu Februari aliona kwamba watoto wawili wanabaki nyuma sana, akamwandikia Mwalimu Mkuu barua ya kuomba ushauri. Hakujibiwa. Mwanzoni mwa mwezi huu aliagizwa apeleke majina ndani ya siku nne. Hakuwa na kipimo chochote, hivyo alimwomba rafiki yake anayefundisha mjini ampigie picha karatasi ya maswali ishirini wanayotumia huko. Aliichapisha, akawapa watoto kumi na wawili aliowatilia shaka. Saba walipata chini ya nane.

Bi. Agnes aliomba karatasi hiyo isomwe mbele ya kikao.

Swali la kumi na moja lilikuwa picha, nalo lilimtaka mtoto ataje kitu anachokiona. Karatasi ilipitishwa kwa wajumbe. Mwenyekiti alisema ni ghala. Bi. Agnes alisema ni kabati au jeneza lililosimamishwa. Mwongozo ulisema ni friji. Swali la sita liliuliza, "Maji yanatoka wapi?" Watoto sita kati ya saba walijibu "bondeni". Mwongozo ulisema "bombani". Wote sita walipewa sifuri.

Ndg. Nurdin aliuliza, "Wewe mwalimu, leo asubuhi umeoga maji ya wapi?"

Mwl. Salmini alijibu, "Ya bondeni."

"Na ukampa mtoto sifuri."

Mwl. Salmini alisema kwamba alisahihisha watoto kumi na wawili jioni moja akifuata mwongozo, na kwamba alipofika kwenye swali hilo mkono wake ulisita, lakini aliogopa kubadilisha jibu la karatasi asije akaambiwa amependelea. Aliongeza, "Kichwani mwangu nilikuwa na wawili. Karatasi ikanipa saba. Nikasema labda karatasi inaona nisichokiona."

KUMB. NA. 5/09/2024: MAELEZO YA KATIBU

Katibu alithibitisha kwamba barua ya Februari ya Mwl. Salmini ipo kwenye jalada na haikujibiwa. Alithibitisha pia kwamba alisaini orodha bila kuiona karatasi ya maswali na bila kumwita mzazi hata mmoja, na kwamba maneno ya barua kwa wazazi aliyatunga yeye.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama aliyoyasema Ndg. Nurdin kuhusu wastani wa shule yana ukweli.

Katibu alijibu kwamba hakumwagiza mtu yeyote kuongeza majina. Hata hivyo, alipoona ni saba na si wawili, alifikiri kuhusu upimaji wa Novemba, akaona nafuu, na kwa sababu ya nafuu hiyo hakuuliza swali lolote. Katibu aliomba maneno haya yaandikwe kwa ukamilifu. Yameandikwa.

Bi. Agnes alisoma daftari. Alisema, "Sawa, Mama Grace. Umeandika kama ulivyosema." Kisha aliomba maji ya kunywa.

KUMB. NA. 6/09/2024: KUWAPIMA WATOTO UPYA

Ndg. Nurdin alitaka orodha ichanwe palepale na kikao kifungwe. Mwl. Salmini alipinga. Alisema kwamba kuchana karatasi hakutamfundisha mtoto kusoma, na kama kuna mtoto mwenye shida ya kweli atabaki nyuma ya darasa lake la tisini na wanne mpaka aache shule mwenyewe. Palitokea majibizano ambayo Mwenyekiti aliagiza yasiandikwe.

Bi. Agnes, aliyefundisha Darasa la Kwanza kwa miaka thelathini na moja, alipendekeza watoto wote saba waitwe wakishakunywa uji, waulizwe mmojammoja kwa lugha wanayoiota usiku, kuhusu vitu wanavyovijua. Mwenyekiti alitahadharisha kwamba Kamati si wataalamu na haina mamlaka ya kumtangaza mtoto kuwa hivi au vile. Walikubaliana kwamba zoezi hili litasaidia jambo moja tu: kujua kama karatasi ile inafaa kuaminiwa.

Kikao kiliahirishwa saa 4:00 na kuendelea saa 4:30. Wazazi wawili waliomo ndani waliombwa wakae nyuma na wasiongee. Mwl. Salmini aliandika majibu.

Bi. Agnes alitandika mkeka na kuketi chini na kila mtoto. Alimpa korosho ghafi ishirini na tano azihesabu, kisha azigawe kwa watu watano. Alimpangia korosho na kokoto kwa mpangilio, akamtaka auendeleze. Alimtuma alete vitu vitatu kutoka kona ya chumba. Mwisho alimsimulia kisa kifupi cha fisi aliyenaswa shambani kwa watu, akamtaka akirudie.

Mtoto wa kwanza alimaliza yote kwa dakika tisa, akauliza kama anaweza kuzila zile korosho. Wa pili alikirudia kisa na kukiongezea mwisho wake mwenyewe. Hamudi wa Ndg. Nurdin alijibu kila kitu sawasawa, lakini ilionekana kwamba anazisogeza kokoto mpaka karibu na pua. Bi. Agnes alimwonyesha kalenda ya ukutani na kumuuliza imechorwa nini. Mtoto alisema, "Ukuta." Ndg. Nurdin alisahau agizo la kutokuongea, akasema, "Ndiyo maana anajikwaa." Aliomba radhi.

Hadi saa 6:10 watoto sita walikuwa wamepimwa. Wote sita walifanya yale ambayo Bi. Agnes angeyatarajia kwa mtoto yeyote wa umri wao. Wajumbe walianza kucheka na kupumua. Ndg. Nurdin alimgeukia Bi. Pili na kumpa mkono.

KUMB. NA. 7/09/2024: ADIJA

Adija aliingia wa mwisho, akawaamkia wote shikamoo mmojammoja, kuanzia kwa Bi. Agnes.

Alihesabu korosho vizuri mpaka tano. Baada ya tano alitaja nane, kisha akarudi tatu. Bi. Agnes alimwanzisha upya mara tatu. Alipotumwa vitu vitatu alileta ufagio, akasimama katikati ya chumba, akauliza alitumwa nini kingine. Mpangilio wa kokoto aliutazama kwa muda mrefu, kisha akazikusanya zote mahali pamoja, zikawa nadhifu. Kisa cha fisi alikianza vizuri, halafu kikawa kisa cha mdogo wake aliyeumwa na siafu.

Bi. Agnes hakuharakisha. Alipunguza korosho zikawa kumi. Alibadilisha kisa, akaleta kifupi zaidi. Alimpa uji uliobaki jikoni, akamsubiri anywe, akaanza tena. Aliomba mama yake atoke nje, kisha aliomba aingie, akae karibu na aeleze magonjwa aliyougua mtoto akiwa mdogo. Zoezi lilichukua dakika hamsini, na hakuna mjumbe aliyeangalia saa. Mwishoni Bi. Agnes alimsifu Adija kwa kumwamkia vizuri na kumruhusu aende kucheza. Mtoto alitoka akikimbia.

Bi. Agnes alibaki ameketi kwenye mkeka. Alisema, "Mama Adija, mwanangu, njoo ukae hapa. Sitakudanganya."

Bi. Pili alisema, "Niambie hapohapo."

Bi. Agnes alisema, "Karatasi ile ni mbovu. Imewaonea sita. Lakini huyu wako anahitaji msaada wa peke yake. Anajifunza, nimemwona anajifunza hata leo: mara ya mwisho alifika saba. Anakwenda polepole sana kuliko wenzake. Mimi sijui ni akili, ni masikio, au ni ile homa unayosema aliugua akiwa mdogo. Hilo si la kwangu kulisema. Ila lipo."

Sauti za watoto uwanjani zilisikika.

Bi. Pili alisema, "Kwa hiyo nimewaokoa wa wenzangu."



Mwl. Salmini alieleza, akiwa amesimama, kwamba Adija alikuwa mmoja wa wale wawili aliowataja katika barua ya Februari. Mwingine ni Hamudi, na sasa inaonekana kwamba shida yake ni macho. Alisema angetamani awe amekosea kwa wote.

Bi. Pili alimuuliza, "Unamchukia?"

Mwl. Salmini alijibu, "Hapana, mama. Ndiye anayenifutia ubao. Siku akikosekana naujua upungufu wake mpaka saa sita."

Mwenyekiti alimtaka mwalimu afafanue kwa kuwa neno alilotumia halikuwa zuri. Mwl. Salmini alisema alimaanisha kwamba darasa linapungukiwa asipokuwepo. Bi. Pili alisema amemwelewa, na kwamba mara hii neno hilo halikumuumiza.

Bi. Pili alipewa nafasi ya kutoka nje kidogo, lakini hakutoka. Aliomba kuiona fomu ya utambuzi, ile itakayokwenda wilayani. Katibu alimkabidhi. Aliisoma mbele na nyuma, kisha akauliza, "Pako wapi mahali pa kuandika anayoyaweza?"

Katibu aliiangalia fomu pande zote mbili. Hapakuwa na mahali hapo.

Mwenyekiti aliagiza iambatishwe karatasi nyingine. Bi. Pili alisema na Katibu akaandika: Adija anajiogesha na kujivika. Anambeba na kumlisha mdogo wake wa miaka miwili bila kusimamiwa. Anaijua njia ya bondeni na njia ya msikitini. Anaimba kaswida tatu mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Akimwona mtu mara moja hamsahau. Akikosewa hakasiriki muda mrefu. Mwl. Salmini aliongeza kwamba mtoto mgeni akihamia darasani, Adija ndiye anayekwenda kukaa naye.

Bi. Pili alisema kwamba bwenini Masasi mtoto haendi, si mwaka huu. Alisema, "Huko hana anayemjua. Akisahau njia atamuuliza nani?" Mwenyekiti alieleza kwamba kitengo kina walimu waliosomea kazi hiyo, ambao shule hii haina, na kwamba kumbakiza hapa nako kuna hasara yake. Bi. Pili alijibu kwamba analijua hilo na ndilo linalomtisha.

KUMB. NA. 8/09/2024: MAAZIMIO

Baada ya majadiliano marefu Kamati iliazimia yafuatayo.

Orodha ya majina saba haitasainiwa. Katibu amefuta saini yake mbele ya kikao. Kesho Alhamisi atakwenda mwenyewe kwa Afisa Elimu Kata na kumweleza kwa mdomo na kwa maandishi kwamba kipimo kilichotumika hakikuwa cha haki, na aliyekiruhusu ni yeye. Bi. Agnes alimuuliza, "Na wakikuandikia barua ya onyo, mwanangu?" Katibu alijibu kwamba ataipokea. Katibu anakiri hapa kwamba ana hofu.

Shule itaomba mtaalamu wa kupima watoto anayejua Chimakonde, au aje na mtu anayekijua. Hakuna mtoto atakayepimwa bila mzazi wake kujulishwa na kuwepo, wala akiwa na njaa. Ndg. Nurdin alitaka liongezwe neno "kamwe". Liliongezwa: kamwe.

Adija na Hamudi watapelekwa hospitali Newala wakaangaliwe masikio na macho kabla ya neno lingine lolote kuandikwa juu yao. Ndg. Nurdin alisema Jumatatu anakwenda na pikipiki, atawabeba wote wawili na Bi. Pili nyuma. Mwenyekiti alisema pikipiki haibebi watu wanne. Ilikubaliwa waende kwa gari la asubuhi.

Adija atabaki Darasa la Pili hadi majibu ya mtaalamu yapatikane. Bi. Agnes atakuja asubuhi tatu kwa wiki kukaa naye, pamoja na mtoto mwingine yeyote ambaye Mwl. Salmini atamtaja. Alisema asishukuriwe, kwa kuwa nyumbani amechoka kuzungumza na kuku.

Barua za awali zitafutwa, na Katibu atapita nyumba zote saba kuomba radhi yeye mwenyewe. Bi. Pili alisema kwake asije leo, aje kesho kutwa.

KUMB. NA. 9/09/2024: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alishukuru. Alisema kwamba aliingia akidhani kazi ni kuchagua kati ya kusema ndiyo na kusema hapana, na sasa anatoka hajui kama wamemtendea mtoto huyu haki au wamemchelewesha tu. Kikao kilifungwa saa 8:25 mchana.

Wakati wajumbe wakitoka, Bi. Pili alirudi mlangoni akiwa amemshika Adija mkono. Alimuuliza Katibu, "Mwalimu, kesho aje?"

Katibu alijibu, "Aje."

Imethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi:

Optatus Nannonga, Mwenyekiti
Saini: ....................... Tarehe: 18/09/2024

Veridiana Nambole, Katibu
Saini: ....................... Tarehe: 18/09/2024